Mnaouliza kama baiskeli ya kaboni iliyotumika inadumu, hii ilikuwa ya mume wangu

Wakuu, salamu kwenu wote, wa mjini na wa gichagi huko vijijini.

Mimi humu huwa nasoma nacheka napita. Mada zenyewe za baiskeli huwa sizigusi kabisa. Lakini juzi kuna kijana ameweka picha ya baiskeli ya mbio, kaboni, second-hand, rangi nyeusi tii, anauliza itadumu ama atakuwa amepigwa. Watu wamemjibu. Wengine wamemwekea video za wazungu, wengine wamemtukana eti hana pesa ya mpya.

Nimeangalia hiyo picha nikashindwa kupita.

Nitakujibu kijana wangu, lakini si kwa mafunzo. Nitakujibu kwa yaliyonipata. Hakuna nilichotia chumvi, na mwenye haraka aende zake mapema maana mimi naandika polepole na miwani imeanza kunichosha.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hapo. Nimeolewa upande wa Rangwe, mimi mwenyewe nimezaliwa Rusinga, kwa hivyo huko ukweni jina langu lilikuwa Nyar Rusinga, binti wa Rusinga. Mpaka leo kuna wazee hawajui jina langu la ubatizo.

Mume wangu alikuwa Owuor. Mimi nilimwita Wuon Akinyi, baba yake Akinyi, maana huyo ndiye mtoto wetu wa kwanza na wakati huo alikuwa wa pekee.

Owuor alikuwa boda boda. Si hizi pikipiki zenu, ni boda boda ya miguu, Black Mamba ya chuma, keria nyuma imewekwa kiti cha sponji. Abiria, magunia ya mahindi, kreti za soda, na omena wangu, dagaa niliokuwa nauza siku za soko. Alikuwa na miguu, jameni! Akipanda kilima na mama mnene nyuma anaongea naye hadithi, hapumui hata.

Kwa hivyo mbio za baiskeli zikiandaliwa, sikukuu ama siku mwanasiasa anataka watu wakusanyike, Owuor alikuwa anaenda. Na alikuwa anashinda za Black Mamba. Lakini zile mbio kubwa, wanakuja vijana wa Kisumu na Kisii na baiskeli nyembamba zenye usukani wa hendo zilizopinda chini, wanampita kwa mlima kama amesimama. Anarudi nyumbani na sufuria ya zawadi. Nilikuwa na sufuria nyingi mpaka majirani wananiazima kwa sherehe.

Sasa kukatoka habari kwamba kuna kampuni moja Kisumu inataka kuunda timu yake. Ukichukuliwa unapewa kazi ya kudumu, mshahara mwisho wa mwezi, nyumba, na wewe kazi yako kubwa ni kukimbia baiskeli ukivaa jina lao mgongoni. Wangekuja kuangalia watu kwenye mbio za kutoka Rongo kuingia Homa Bay.

Wakuu, mtu hajawahi kukosa mshahara hawezi kuelewa. Huyu mwanaume alikuwa anaanza kuzeeka kwa hiyo kazi. Magoti yalikuwa yanamuuma asubuhi, alikuwa anayakanda na maji moto akidhani sioni. Aliniambia, "Nyar Rusinga, hii ikinipita sitapata nyingine. Nitabeba watu mpaka nianguke."

Kwa hivyo alikuwa anataka baiskeli ya mbio. Hapo tu ndipo shida ilianzia.

Migori mjini kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu kutoka Pwani, Mzee Shee, ana duka la vyombo na vyuma. Alikuwa analeta baiskeli zilizotumika Ulaya, zinashukia Mombasa ndani ya kontena. Kwa ukuta wake alikuwa ametundika moja ambayo hakuna mtu alikuwa anaitaka. Nyeusi, nyembamba, fremu imeunganishwa kwa vikono vya alumini. Watu wa Kuria wakija kutoka Kehancha na tumbaku yao wanaiinua kwa kidole kimoja, wanacheka, wanairudisha. Nani atanunua baiskeli nyepesi kuliko jembe?

Tulienda watatu. Mimi, Owuor, na Fundi Omolo wa Rangwe, aliyekuwa anatengeneza baiskeli zote za huku, rafiki ya Owuor tangu shule ya msingi.

Hiyo siku tulikaa hapo duka mpaka Mzee Shee akatuagizia chai. Omolo aliigeuza miguu juu. Akazungusha magurudumu. Akatafuta kutu, hakuna. Akaipiga spana mdogo mdogo kila mahali akisikiliza, maana chuma kizuri kinalia kama kengele. Hii ikawa inasema tok, tok, kama jerikeni.

"Mzee, hii ni plastiki?"

"Wao wasema ni kaboni," Mzee Shee akajibu. "Ni nyuzi zimeshikishwa na gundi."

Yawa! Omolo aliweka spana chini. "Omera, ndugu yangu," akamwambia Owuor, "unataka kushuka kilima cha Rodi kuingia Homa Bay juu ya gundi?"

Tulicheka sana. Hata Mzee Shee alicheka.

Lakini Owuor alikuwa ameshaipenda, mimi nilimwona. Alikuwa ameishika pale katikati, anaipandisha anaishusha, kama mtu anapima mtoto mchanga. Akasema hakuna kutu, hakuna mahali imepinda, gia zinaingia, na wazungu si wajinga wapande kitu cha kuvunjika. Omolo akasema sawa, lakini chuma kikivunjika nitachomelea, hii ikivunjika nitachomelea nini? Moto utaila. Owuor akamuuliza Mzee Shee, imekaa miaka mingapi? Itakaa mingapi tena?

Yule mzee alikuwa mkweli, Mungu amrehemu. Alisema, "Mwanangu, mimi nauza, siapi. Ipande uone."

Akaipanda. Akachukua barabara ya Kehancha, akapotea mpaka chai ikapoa. Aliporudi alikuwa na jasho na meno yote nje. Sijawahi kumwona hivyo hata siku ya harusi yetu, na harusi yetu alikula vizuri.

Ikanunuliwa. Alitoa Black Mamba yake na fahali juu. Mama mkwe aliniona mimi ndiye mchawi nimemloga mtoto wake, kutoa ng'ombe wa kulima kwa sababu ya kitu hakiwezi kubeba hata gunia! Na ni kweli, omena wangu ikabidi nibebe kwa kichwa. Siku za soko Owuor alikuwa anakuja nami kwa miguu, beseni moja kwa kichwa chake, mwanaume mzima, watu wanamtania njiani. Alikuwa anawajibu, "Niacheni, nafanya mazoezi ya shingo."

Na aliitunza, wakuu. Ilikuwa inalala ndani, sisi na Akinyi na baiskeli. Alikuwa anaipangusa na kitambaa laini ambacho nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya mtoto. Watu wakija wanauliza, bado haijavunjika? Anawaambia bado. Akaenda mbio ndogo mbili, akashinda zote, na mlimani ni yeye alikuwa anawaacha hao vijana.

Niseme ukweli hapa, kijana uliyeuliza. Hiyo baiskeli ilikuwa nzuri. Ingekaa. Naamini mpaka leo ingekaa, kama si siku moja.

Baba mkwe alifariki.

Kwa wasiojua mila zetu: mzee wa boma akifa, wanaume wanatoa ng'ombe, wanakimbia nao mpaka mbali kule mpakani, na pembe zinalia, na fimbo zinachapa vichaka, na nyimbo. Wanafukuza kifo kitoke kwa boma. Tunaita tero buru. Siku hizi naona wanaenda na pikipiki wakivuma. Wakati ule mwenye baiskeli alikuwa anaenda na baiskeli, amefunga majani kwa hendo, anapiga kengele na kupiga kelele.

Owuor ndiye kifungua mimba. Hakuna namna angebaki.

Alitaka kwenda kwa miguu. Nilimsikia mwenyewe akimwambia baba yake mdogo, "Hii yangu si ya shamba." Na yule mzee, macho mekundu ya kulia, akamjibu mbele ya watu, "Baba yako alikununulia baiskeli ya kwanza ukiwa huna ndevu. Leo anaondoka na wewe unaficha baiskeli ndani ya nyumba?"

Black Mamba ingekuwa iko angeichukua hiyo. Haikuwa. Akaingia ndani, akatoka nayo, nikamsaidia kufunga majani.

Walienda. Sisi wanawake tulikuwa tunasikia tu pembe zikienda mbali kisha zikirudi. Walipokuwa wanarudi kwa lile shamba lililolimwa karibu na mto, fahali mmoja wa wajomba alishtuka na kelele akageuka. Alipitia katikati ya wanaume. Owuor aliruka, baiskeli ikaanguka, na fahali akaikanyaga akipita.

Owuor alirudi akiisukuma. Mimi nilidhani ataniletea vipande. Lakini ilikuwa nzima! Ina matope tu. Hata gurudumu halikupinda. Watu wakasema mzee ameilinda, na mimi nilisema hivyo hivyo, nikashukuru.

Baada ya mazishi Omolo aliikagua kama anavyokagua kila baiskeli iliyoanguka. Alichukua uzi wa kushonea nyavu, akaufunga nyuma kwa gurudumu upande huu, akaupitisha mbele kwa shingo ya fremu, akaurudisha nyuma upande ule, akapima katikati kama pande zote ziko sawa. Zilikuwa sawa sawa. Fremu imenyooka kama siku tuliyoinunua.

Kulikuwa na alama moja tu, kwa ile bomba ya chini inayotoka mbele kuja kwa pedali. Mstari mweupe, mwembamba, kama umejikuna na ukucha kwa ngozi kavu.

Omolo akapitisha kidole. "Ni rangi," akasema.

Sisi huku baiskeli tunaijua hivyo, wakuu. Imepinda ama haijapinda. Chuma kikiumia kinakuonyesha, kinakunja, rangi inabanduka, kutu inakuja, una muda wa kuipeleka kwa fundi. Ikiwa imenyooka ni nzima. Baba zetu walinunua hivyo, na hakuna mtu Rangwe nzima angetuambia kwamba kuna kitu kinaweza kuvunjika ndani na nje kibaki kimenyooka.

Ikaanza kulia. Akipanda mlima inasema tik, tik, tik. Omolo akafungua ekseli ya pedali akatia grisi. Ikanyamaza kidogo, ikarudi. Akakaza kiti. Tukazoea.

Wiki ya mbio nikamuuliza Owuor kama ataenda nayo kweli. Binamu yake alikuwa amejitolea kumpa Black Mamba yake. Aliniangalia hivi, akasema, "Niende mbele ya watu wa Kisumu na Black Mamba? Fundi amepima, fremu imenyooka. Wataniuliza mbona umeacha baiskeli ya mbio nyumbani, nitawaambia naogopa alama ya ukucha?"

Akachukua kile kitambaa, akarudi kuipangusa.

Siku yenyewe nilikuwa Homa Bay mjini pale mwisho wa mbio, Akinyi mgongoni. Watu walikuwa wengi, spika zinapiga muziki. Mtu wa kipaza sauti alikuwa anapata habari kutoka kwa gari la mbele, akawa anatangaza: wamepita Rodi, anaongoza Owuor wa Rangwe, wa pili hata haonekani! Wanawake wa soko walionijua walinipandisha juu ya kreti nione vizuri. Nilikuwa napiga vigelegele mpaka mtoto akaamka akalia.

Kisha kipaza sauti kikanyamaza, wakarudisha muziki.

Akatokea wa kwanza, si yeye. Kijana wa Kisii. Watu wakapiga makofi, mimi nikaangalia nyuma yake. Akatokea wa pili. Wa tatu. Kijana mmoja wa Rangwe ambaye alikuwa anafanya mazoezi na Owuor kila Jumapili alipita mstari, akaniona pale juu ya kreti, akainamisha kichwa akapitiliza na baiskeli yake mpaka nyuma ya gari la soda.

Hapo nilijua. Woi, nilijua. Nilishuka nikaanza kukimbia kupanda barabara na mtoto mgongoni, mpaka wanaume wakanishika.

Ile bomba ya chini ilikatika kwenye mteremko wa kuingia mjini. Walioona walisema hakukuwa na shimo wala gari. Baiskeli ilikuwa inaenda vizuri, ikafanya pah! mbele ikalala, na yeye akaenda na lami kwa kichwa. Helmeti sisi tulikuwa tunaziona kwa magazeti tu.

Hospitali alilala siku chache bila kufungua macho. Nilikuwa nakanda magoti yake. Sikujua nifanye nini kingine, hayo ndiyo nilijua yalikuwa yanamuuma.

Alikufa nikiwa nimeenda kumnyonyesha mtoto.

Nikirudi nyumbani maneno yalikuwa yamefika kabla yangu. Ni chira, laana ya mila, amevunja mwiko, amekimbia mbio matanga ya baba yake hayajapoa. Wengine, mzee amemwita kifungua mimba wake. Mama mkwe naye, maskini! Alikuwa amemzika bwana, sasa anachimbiwa shimo la mtoto kando yake. Tulikaa naye tumeshikana mikono na tangu siku hiyo hatukugombana tena.

Baiskeli ililetwa ndani ya gunia, vipande viwili. Omolo alikuja, akavitoa, akaangalia pale ilipokatika. Akaita jina langu, si Nyar Rusinga, akaniita Mama Akinyi, nije nione. Sehemu moja ya mkatiko ilikuwa nyeusi safi, inang'aa, nyuzi zimesimama. Sehemu nyingine, pale pale chini ya ule mstari mweupe, ilikuwa ya kijivu, imeingia vumbi na udongo mkavu.

"Hii ilivunjika siku ya buru," akasema. "Alikuwa anapanda kitu kimevunjika, na mimi nikampimia uzi."

Akakaa chini hapo kwa vumbi akalia kama mtoto. Mimi ndiye nilimnyamazisha. Nilimwambia ungejuaje, wewe hujasomea gundi. Na nilikuwa namaanisha. Mzee Shee naye alikuja kutoka Migori na kanzu yake nyeupe, akaleta mchele na sukari, akakaa na wanaume. Sikumlaumu. Sikuwa na mtu wa kulaumu, na niwaambie, hiyo inachosha kuliko kuwa naye.

Matanga yakiwa yanaisha, wageni wengi wameenda, akaja mtu mmoja na gari dogo. Amevaa tai. Alikuwa wa ile kampuni ya Kisumu. Akasalimia, akatoa pole, akakaa kwa kiti akizungusha funguo za gari kwa kidole.

Akaniambia, "Mama, pengine hii haitakusaidia. Lakini sisi tulikuwa tumesimama pale Rodi juu. Tulimwona akipita peke yake, tukasema huyu ndiye. Tulikuwa tumemaliza kuchagua. Tuliingia kwa gari kuja kumngoja chini."

Rodi juu. Kabla ya mteremko.

Alikuwa ameshapata kazi, wakuu. Angeweza kushuka kile kilima ameshika breki, hata angeshuka akaisukuma kwa mkono, nyumba ingekuwa yetu. Na hakuna mtu angemfikia amwambie.

Nimelea Akinyi na omena. Amekuwa mtu mzima, ana watoto, hajui kupanda baiskeli na sikumlazimisha.

Sasa wewe kijana. Usimuulize muuzaji imetumika miaka mingapi, wala usifurahi kwamba haina kutu na imenyooka. Kaboni haikuonyeshi jeraha lake. Muulize imewahi kuanguka lini, ikaangukia nini, na nini kiliiangukia. Tafuta mstari mweupe kwa mwangaza wa jua, pande zote, hata chini ambako hakuna mtu anaangalia. Ikilia tik tik na fundi hajui ni nini, usizoee. Ikiwa haijawahi kupata kishindo, nunua, upande kwa amani, ni baiskeli tamu, niliona kwa uso wa mtu.

Wengine mliowahi kuvunjikiwa na hizi baiskeli, ama mnaojua zinapimwaje siku hizi, andikeni hapa chini asome. Wa chira wapite, nimewasikia vya kutosha.

Na kama huna uhakika nayo, iache hapo ukutani kwa mwenyewe, urudi nyumbani mikono mitupu. Unaogopa utachekwa, najua. Wangu angerudi na miguu yake kutoka Homa Bay, wa mwisho kabisa, watu wote wameenda, mimi nisingemcheka.